Taasisi Huridhika na Nini Zinapopewa Ithibati ya Kutunza Wanyama wa Maabara?

Kila baada ya miaka mitatu, taasisi yenye ithibati ya AAALAC International, chama kinachokagua kwa hiari matunzo ya wanyama wa maabara, hupokea wakaguzi wanaokuja kutazama jinsi inavyotunza wanyama wake wa utafiti, na shughuli inapokwisha taasisi hiyo huombwa maoni yake. Je, wakaguzi walikuwa na ujuzi wa kutosha? Walisikiliza? Kazi yote hiyo ilikuwa na manufaa? Mimi ni mtunza wanyama wa maabara katika chuo kikuu kimoja hapa Marekani, na msingi wangu wa mambo ya mifugo niliupata Morogoro. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiyatafakari maswali hayo na namna wakubwa wetu wanavyoyajibu. Naamini wanasema kweli wanaposema wameridhika. Ninachotilia shaka ni kama kuridhika kwao kunawahusu wanyama.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na chombo hiki, AAALAC ilianzishwa mwaka 1965 katika jimbo la Illinois na watu wa fani yenyewe ya wanyama wa maabara, ambao walitaka fani yao ijisimamie kabla haijasimamiwa na wengine. Walikuwa wameusoma vizuri upepo wa siasa. Mwaka huohuo mbwa mmoja wa aina ya dalmatian aitwaye Pepper aliibwa huko Pennsylvania, akauzwa kutoka mkono hadi mkono, akafia kwenye jaribio katika hospitali moja ya New York, na hasira ya wananchi ikachangia kulisukuma Bunge la Marekani kupitisha, mwaka 1966, sheria inayojulikana hadi leo kama Animal Welfare Act. Ithibati ya hiari ilitangulia sheria kwa mwaka mmoja, na tangu hapo viwili hivyo vimekuwa vikiishi jirani bila kuwa kitu kimoja. Mwaka 1996 chama kilibadili jina ili kionyeshe sura ya kimataifa, na sasa kikiwa na makao makuu Frederick, jimbo la Maryland, kimezipa ithibati taasisi zaidi ya 1,000 katika nchi zaidi ya 50.

Uzito wa ithibati hii hauonekani vizuri mpaka mtu ajue sheria imewaacha nje akina nani. Animal Welfare Act inawalinda mbwa, paka, nyani, sungura na wengine, lakini marekebisho ya mwaka 2002 yaliandika wazi kwamba panya wa aina kubwa na wa aina ndogo (rats na mice) wanaozalishwa kwa ajili ya utafiti, pamoja na ndege wa kundi hilo, hawamo katika maana ya neno mnyama. Hao ndio walio wengi mno katika maabara za nchi hii. Chuo kinachopokea fedha za afya za serikali kuu kinabanwa na sera nyingine inayowajumuisha wanyama wote wenye uti wa mgongo, kwa hiyo panya wake hawakuachwa kabisa, ila kampuni binafsi isiyogusa fedha hizo inaweza kuwa na vyumba vilivyojaa panya ambao hakuna jicho la nje linalowatazama isipokuwa la wakaguzi wa ithibati. Ndiyo maana swali la kuridhika silioni kuwa dogo. Ikiwa ithibati ndiyo mkaguzi pekee wa nje anayewafikia panya hao, basi ni muhimu kujua anapimwa kwa kigezo gani.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Wanachama wa AAALAC kwa maana ya katiba yake ni vyama vya kisayansi, vya kitaaluma na vya kielimu vinavyotuma wawakilishi kwenye uongozi wake. Taasisi zinazokaguliwa, ambazo hulipa ada na kutuma ripoti kila mwaka, ni kundi lingine, ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu huyaita yote mawili wanachama. Chama cha kisayansi kinaweza kuridhika kwa sababu fani yake inaheshimika mbele ya umma. Chuo kikuu huridhika kwa sababu kimepita. Kisha lipo kundi la tatu ambalo halijawahi kuitwa wanachama na halijazi dodoso lolote, nalo ni sisi tunaobadilisha vizimba.

Ukaguzi wenyewe huanza miezi mingi kabla ya mgeni kufika. Taasisi huandika Maelezo ya Programu, waraka mrefu unaoeleza kila kitu kuanzia nani ana mamlaka ya kuusimamisha utafiti hadi maji ya kunywa ya panya yanasafishwaje, hewa ya kila chumba inabadilishwa mara ngapi kwa saa, na mtumishi aliyeng'atwa na tumbili anapelekwa wapi. Wakaguzi husoma waraka huo, halafu huja, kwa kawaida mjumbe mmoja wa Baraza la Ithibati akiambatana na mshauri mmoja au zaidi, na hukaa siku moja au kadhaa kulingana na ukubwa wa mahali. Huketi na kamati ya matunzo na matumizi ya wanyama, hupekua itifaki zilizoidhinishwa, yaani mipango ya majaribio, hutembea chumba kwa chumba, na mwisho huwaeleza wakuu kwa mdomo walichokiona. Uamuzi hautolewi siku hiyo. Hutolewa na Baraza baadaye, kwa barua, ambamo yaliyo ya lazima kurekebishwa hutenganishwa na mapendekezo ambayo taasisi iko huru kuyafuata au kuyaacha. Kuna ithibati kamili, kuna ya masharti, kuna kuwekwa katika kipindi cha uangalizi, na kuna kunyang'anywa. Kipimo kikuu kinachotumika ni kitabu ambacho sote katika fani hii tunakiita tu the Guide, yaani mwongozo wa kutunza na kutumia wanyama wa maabara, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1963 na kufikia toleo la nane mwaka 2011, kikisaidiwa na mwongozo mwingine wa wanyama wa kilimo na mkataba wa Ulaya wa kuwalinda wanyama wa utafiti uitwao ETS 123.

Sababu za taasisi kuridhika ni nzito. Chuo chenye ithibati huwekwa katika daraja la kwanza kinapotoa ahadi yake kwa ofisi ya serikali inayosimamia wanyama wa utafiti unaolipiwa na fedha za afya, na huepushwa kuambatanisha ripoti ya ukaguzi wa ndani ambayo wasio na ithibati hulazimika kuitoa. Hospitali za wanajeshi wastaafu zinazofanya utafiti wa wanyama hutakiwa kuwa nayo. Kampuni ya dawa inayotafuta mahali pa kufanyia majaribio huuliza kwanza kama ithibati ipo, na jibu la hapana humaliza mazungumzo. Aidha, taarifa za ukaguzi ni siri baina ya pande mbili, tofauti na ripoti za wakaguzi wa Wizara ya Kilimo, inayosimamia Animal Welfare Act, ambazo huwekwa hadharani. Mkuu wa taasisi anayejua kwamba kasoro zake hazitasomwa gazetini huwa mkweli zaidi kwa mkaguzi. Hoja hiyo naikubali, japo naiona pia kuwa ni hoja inayomfaa sana mkuu wa taasisi.

Ipo faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Daktari wa wanyama wa chuo anaweza kuomba fedha za kurekebisha mfumo wa hewa mwaka baada ya mwaka na kuambiwa bajeti haitoshi. Siku barua ya Baraza inapofika ikisema kwamba hewa ya jengo fulani ni jambo la lazima kurekebishwa, fedha hupatikana. Nimeshuhudia mashine ya kuoshea vizimba iliyokuwa ikilalamikiwa na kila mtu ikibadilishwa kwa namna hiyo, bila yeyote kati ya waliotia saini ya malipo kuingia hata mara moja kwenye chumba kile chenye mvuke. Daktari wetu alipouliza kama ataje jambo hilo kwenye dodoso la maoni, aliambiwa hakuna swali linalolihusu.

Malalamiko nayo ni ya kweli. Watafiti husema wanazama katika fomu, na sauti zao zilifika mbali kiasi kwamba sheria ya mwaka 2016 iitwayo 21st Century Cures Act iliziagiza taasisi za afya za taifa, zikishauriana na Wizara ya Kilimo na mamlaka ya chakula na dawa, zipitie kanuni za wanyama wa maabara na kupunguza mzigo wa kiutawala kwa wanasayansi. Jambo lililojitokeza katika mjadala huo, na ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati analijua, ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo hakuna aliyeuagiza kutoka nje. Taasisi hujitwika yenyewe kwa hofu ya ukaguzi. Kamati hudai itifaki iandikwe upya kwa sababu ya badiliko ambalo daktari angeweza kulikubali kwa simu, meneja hubuni daftari la nne la kumbukumbu ambalo halitajwi mahali popote kwenye mwongozo, na mtafiti anayejaza daftari hilo humlaumu mkaguzi ambaye hajawahi kuliomba. Mwongozo wenyewe kwa sehemu kubwa hutaka matokeo na kuiachia taasisi njia ya kuyafikia. Hutaka panya awe na afya, aweze kufanya mambo ya asili yake na asipate maumivu yanayoweza kuepukika, kisha hueleza viwango vya kuanzia, kama vile hewa mpya mara 10 hadi 15 kwa saa na joto la nyuzi 20 hadi 26 kwa panya. Uhuru huo huwaogopesha watu wanaopenda kuonyesha alama ya vema kwenye kisanduku.

Mfano mzuri ni makazi ya pamoja. Toleo la mwaka 2011 lilifanya kuwa kanuni ya kawaida kwamba mnyama wa jamii inayoishi kwa makundi awekwe pamoja na wenzake, na anayetaka kumtenga atoe sababu. Ni kanuni njema, na nyani na sungura wengi wamefaidika nayo. Panya dume wa aina ndogo, hata hivyo, hupigana, na asubuhi moja mtunzaji hukuta mmoja ana majeraha mgongoni na mkiani, huku mwenzake akiwa mzima kabisa. Taasisi iliyoielewa kanuni humwacha mtunzaji awatenganishe papo hapo, aandike sababu na amwite daktari. Ile iliyoiogopa humtaka asubiri idhini. Nijuavyo, hakuna mkaguzi aliyewahi kudai kusubiri huko, ila kwenye hesabu za kutoridhika lawama humwendea yeye.

Kuna pia lalamiko la kutofautiana kwa wakaguzi, kwamba mmoja hupita haraka vyumba vya upasuaji na kukaa saa nzima kwenye stoo ya chakula, na mwingine hufanya kinyume. Sioni kama jambo hilo linaweza kuisha maadamu wakaguzi ni wanataaluma wenye uzoefu tofauti.

Wakosoaji wa nje wana hoja nzito zaidi. Mwaka 2015 watafiti wenye uhusiano na shirika la kutetea wanyama la PETA walichapisha ulinganisho wa taasisi zenye ithibati na zisizo nayo kwa kutumia kumbukumbu za Wizara ya Kilimo, wakahitimisha kwamba zenye ithibati zilikuwa na makosa mengi zaidi kwa wastani, hata baada ya kuzingatia idadi ya wanyama. Mtu anaweza kuuliza maswali ya haki juu ya kazi hiyo: waandishi wana msimamo unaojulikana, na taasisi zenye ithibati huenda hufanya tafiti ngumu zaidi zenye mahali pengi pa kukosea. Pamoja na hayo, mtu hawezi kuipuuza na wakati huohuo akatumia maoni ya taasisi zilizopita ukaguzi kama ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Mambo yalizidi kuwa na uzito ilipojulikana mwaka 2021 kwamba tangu mwaka 2019 Wizara ya Kilimo, kwa maelekezo ya ndani, ilikuwa imewaruhusu wakaguzi wake kukagua sehemu tu ya kituo chenye ithibati badala ya kituo kizima. Kwa hatua hiyo cheti cha hiari, kinacholipiwa na mkaguliwa, kilianza kufanya kazi ya mkaguzi wa serikali.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya msingi katika kupima kuridhika. Taasisi ni mteja na ni mtahiniwa kwa wakati mmoja. Mwalimu anayesahihisha mitihani akitafuta kupendwa na wanafunzi atapendwa, lakini shule itapoteza mengine. Sisemi kwamba wakaguzi wa AAALAC hutafuta kupendwa. Wengi niliowaona walikuwa madaktari makini waliojua wanachokitafuta, na wasioona haya kuinama kutazama chini ya rafu. Nasema tu kwamba dodoso linalomuuliza aliyepita mtihani kama mtihani ulikuwa mzuri litarudisha sifa, na lile linalomuuliza aliyewekwa chini ya uangalizi litarudisha manung'uniko. Sifa na manung'uniko hayo yote hayatatuambia kama panya wa chumba fulani analala vizuri kuliko mwaka jana.

Maoni ya mtunzaji yangekuwa ya namna nyingine. Chukua suala la kuwaua panya kwa gesi ya kaboni dioksidi, kazi ambayo hakuna anayeipenda na ambayo kwa kawaida tunaachiwa sisi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani wa mwaka 2013 ulitaka gesi iingie kwa kiwango cha asilimia 10 hadi 30 ya ujazo wa chombo kwa dakika. Ule wa mwaka 2020 ukabadilisha kuwa asilimia 30 hadi 70. Mkaguzi mmoja aliniuliza mimi mwenyewe, wala hakumuuliza meneja, nionyeshe kwenye kipimo cha gesi ninasimamisha wapi na nimejuaje. Swali hilo lilipenya mpaka mahali ambapo karatasi hazifiki, kwa sababu itifaki inaweza kuandikwa upya ofisini na kipimo kikaendelea kusimama palepale kwa miaka. Kwa ukaguzi wa aina hiyo ningejaza kuridhika kwangu kwa kalamu nzito.

Chukua pia namna ya kumshika panya. Jane Hurst na Rebecca West walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kwamba panya anayechukuliwa kwa kuingizwa kwenye mrija, au kwa kukingwa kwa viganja, huwa na woga mdogo kuliko anayenyanyuliwa kwa mkia. Ni mabadiliko ya bei ndogo sana, na yanahusu kila mnyama, kila siku anayoguswa. Ni jambo la aina ambayo mkaguzi huiweka kwenye mapendekezo, yaani taasisi inaweza kuliacha bila kupoteza chochote, na kwa sababu hiyo linaweza kusahaulika huku kila mtu akiwa ameridhika na ithibati kamili.

Halafu kuna wiki za maandalizi. Kuta hupakwa rangi, dawa zilizopita muda husakwa kila droo, lebo za vizimba huandikwa upya, na watunzaji hufanya kazi mpaka jioni. Baada ya wageni kuondoka huja keki na barua pepe ya pongezi. Mtu akiniuliza wakati huo kama nimeridhika nitasema ndiyo, kwa kuwa nimechoka na nataka kwenda nyumbani. Ukiniuliza miezi sita baadaye, wakati watumishi wawili wamehama na nafasi zao hazijajazwa, nitakuwa na la kusema kuhusu idadi ya vizimba kwa kila mtunzaji, jambo ambalo ndilo linaloamua kama ninamtazama kila panya au ninatazama tu chupa ya maji.

Kwa hiyo ningependa maoni yaombwe kwa kuchelewa na kwa watu wengine. Yaombwe mwaka mmoja baada ya barua, kwa watunzaji na wauguzi wa wanyama bila kupitia kwa meneja wao, na yaulize mambo yanayoweza kuhakikiwa: ni pendekezo lipi lililotekelezwa ingawa halikuwa la lazima, ni daftari gani lililofutwa kwa sababu halikuwa na kazi, ni mara ngapi mtunzaji aliripoti maumivu ya mnyama na ilichukua saa ngapi daktari kufika. Majibu yakikusanywa kutoka taasisi nyingi bila kuzitaja majina, usiri ungebaki na umma ungepata kitu cha kusoma. Wapo watakaosema chama cha hiari hakiwezi kuwauliza waajiriwa wa wengine. Nadhani kinaweza, kwa kuwa tayari kinaingia vyumbani mwao na kuzungumza nao.

Wasomaji wa nyumbani wameniuliza kama maabara zetu zinapaswa kuomba ithibati hii. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayotaka leseni kwa majaribio, na ujuzi haukosekani: taasisi ya utafiti wa nyani pale Karen, Nairobi, ina uzoefu wa miongo mingi, na pale Sokoine, Morogoro, panya buku wanafundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Taasisi inayotafuta mikataba na kampuni za nje italazimika kuifikiria ithibati, na ikiipata itaridhika kwa sababu zilezile za hapa. Zile zisizo na fedha ya ada nazishauri zianze na Maelezo ya Programu, kwa kuwa muundo wake hauna siri na kuuandika kwa ukweli hufichua mapengo kabla ya mgeni yeyote kulipiwa nauli. Kisha kamati iingie vyumbani mara mbili kwa mwaka, kama inavyofanyika hapa, na ianze na ratiba ya sikukuu: nani anaingia siku ya Idi na siku ya Krismasi, anatazama vyumba gani, anaandika wapi, na daktari yupi atapokea simu akipigiwa.